Vidole Viwili Nje ya Mstari

Kwa wiki hamsini na mbili za maisha yangu nilikuwa mchezaji wa tenisi mwenye namba duniani. Namba yenyewe ilikuwa ya tarakimu nne, chini kabisa ya orodha, huko ambako nadhani hata wanaoiandaa huwa wameshachoka kusoma. Lakini ilikuwa namba. Baba yangu aliiandika kwa chokaa kwenye mlango wa stoo ya vifaa, katika klabu moja kuukuu ya mjini Shinyanga alikokuwa mtunza kiwanja. Kila Jumatatu orodha mpya ilipotoka nilimpigia simu nikamwambia nimepanda au nimeshuka, naye akafuta kwa kitambaa kibichi na kuandika upya. Mara nyingi nilikuwa nimeshuka.

Nieleze kidogo, maana kwetu ukisema wewe ni mchezaji wa kulipwa watu wanaanza kuulizia gari lako liko wapi. Kuna orodha ya dunia. Ukishinda mechi moja tu katika droo kuu ya mashindano madogo kuliko yote, unapewa pointi moja, na pointi moja inatosha kukuingiza kwenye orodha. Pointi hiyo inaishi mwaka mmoja. Usipopata nyingine, mwaka ukiisha inakufa na jina lako linaondoka nayo, wala hakuna anayekuaga. Mimi pointi yangu niliipata Nairobi nikiwa na miaka ishirini na nne, kwa sababu kijana niliyecheza naye aliharisha. Alikuwa amenifunga seti ya kwanza. Katika seti ya pili akashika tumbo, akaenda chooni, akarudi, akaenda tena, na safari ya tatu hakurudi. Mwamuzi akatangaza nimeshinda. Ndivyo nilivyoingia kwenye orodha ya dunia, kwa mlango wa choo.

Baba sikumwambia habari za tumbo. Nilimwambia nimeshinda. Wiki ya hamsini na tatu nilipompigia na kumwambia jina halipo tena, alisema, "Basi nitauacha mlango wazi." Alifuta namba na hakupaka rangi juu yake. Pakabaki doa jeupe lenye umbo la mkono unaopangusa, nami kwa miaka sita iliyofuata kila nilipokwenda kumsalimu nililiona lile doa kabla sijauona uso wake. Nilitaka kupata pointi moja niliyoishinda mwenyewe, nikiwa nimesimama na mwenzangu amesimama, ili baba aandike kitu pale. Sikutaka zaidi ya hapo. Ukinicheka, sitashangaa.

Kiwanja cha baba kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Wageni huwa hawaamini, lakini hakuna udongo mzuri kwa tenisi kama ule. Unavunja kichuguu kilichohamwa na mchwa, unaponda madongoa, unachekecha, unamwaga, unamwagilia maji, kisha unavuta pipa lililojazwa zege kwenda na kurudi mpaka uso uwe mgumu kama sakafu ya nyumba iliyosiribwa. Baada ya mchezo unaburuta gunia lililolowa kufuta nyayo. Mistari ni chokaa. Mpira ukianguka unaacha alama, duara dogo lenye mkia, na asiyekubali anakaribishwa kuja kutazama kwa macho yake. Mara kwa mara ng'ombe walikatiza wakienda kunywa maji, na baba aliporudi kutoka kula alikuta kwato mpaka kwenye wavu. Alitukana kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kwa kuwa wenye ng'ombe walikuwa jamaa zake wa huko Mhunze, kisha akaanza upya na pipa lake.

Tuliishi uani mwa klabu, chumba na sebule, nyumba ya mtunzaji. Nilijifunza kucheza ukutani, kwa raketi ya mbao iliyoachwa na mtu aliyehamishwa kikazi. Nilipofika miaka kumi niliweza kurudisha mipira ya wakubwa wote waliokuja jioni: ofisa wa pamba, daktari, mwenye duka la vipuri, mwalimu mkuu mmoja aliyecheza na kofia ya baraghashia. Walipokosa mwenzao waliniita, nami nilikuwa mjinga wa kutosha kudhani wananiita kwa sababu ninajua.

Siku moja nilicheza na ofisa wa pamba. Alikuwa mtu mnene, mpole akishinda. Alipiga mpira ukaanguka nje ya mstari wa nyuma, upande wangu, na alama ikakaa pale udongoni kama mhuri. Nikainua kidole nikasema, "Nje." Akasema ni ndani. Nikasema, "Njoo uone." Watu waliokuwa benchi wakacheka, nafikiri kwa sababu ya ile "njoo" niliyomwambia mtu mzima. Baba alikuwa pembeni na bomba la maji. Aliliacha bomba, akaja, akanipiga kofi moja lililonifanya nisikie mlio sikioni mpaka magharibi. Kisha akafuta alama kwa soli ya kiatu chake. Akaniambia mbele ya wote, "Mpira ukiwa na mashaka, mwenye pointi ni mkubwa. Sema ndani." Nikasema ndani. Akanionyesha na ishara yake: kiganja kinatazama chini, kinatulizwa hewani kana kwamba unatuliza maji. Nilitoa ishara hiyo nikilia.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni yetu. Sikuona ubaya wake. Nilikulia katika watu wanaopiga magoti kusalimia, na nikaona tenisi nayo ina magoti yake.

Miaka ikaenda. Nilikuwa bora mkoani, kisha nikawa miongoni mwa wanne au watano bora nchini, jambo ambalo duniani lina uzito wa unyoya. Nilicheza Dar es Salaam, Nairobi, Kampala. Katika mashindano haya madogo unaanzia kwenye mchujo, unacheza na vijana wa Ulaya waliokuja na makocha, wanaokunywa maji ya rangi, na ukitolewa siku ya kwanza unafungasha siku hiyohiyo. Nilitolewa siku ya kwanza mara nyingi kiasi kwamba niliacha kufungua begi. Nilijua kufua jezi moja na kuianika kwenye dirisha la gesti. Nilijua kufunga nyuzi za raketi kwa mkono, kwa msumari na koleo, nikiwa nimekaa kitandani. Kila nilipofungwa nilijiambia mwakani, na mwakani ikawa neno ninalolichukia kuliko matusi.

Nilipooa nilihamia Geita. Mke wangu alikuwa anafanya biashara ya dagaa, anafuata mzigo mwaloni Nkome, wanakoshusha wavuvi, na kuuza sokoni mjini, na mimi nilipata kazi kwenye hoteli moja yenye kiwanja cha saruji nyuma ya jiko. Mwenye hoteli alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa asili ya pwani aliyezaliwa Tabora, tukimwita Alhaji. Alianza tenisi akiwa na miaka hamsini na tano kwa amri ya daktari. Wenzake wakamfuata: wenye makarasha ya kusagia mawe, wenye maduara ya kuchimba huko porini, wauza baruti, wote watu wazima, wote wenye haraka, wote wanaotaka kushinda kabla ya swala ya magharibi au kabla ya bia, kila mtu na dini yake.

Kazi yangu ilikuwa kucheza nao na kushindwa. Hakuna aliyeniambia hivyo kwa mdomo. Mwezi wa kwanza nilimfunga Alhaji sita kwa sifuri na hakuja kiwanjani siku tisa. Meneja akaniita akaniuliza kama ninampenda mke wangu. Nikaelewa.

Basi nikajifunza, na kushindwa vizuri si kazi ndogo. Ukikosa kizembe mzee anajua, anakasirika. Inabidi ukimbie kweli, unyooshe mkono kweli, uukose mpira kwa unene wa nyuzi, kisha ujishike kiuno na useme, "Mzee leo umeamka vibaya!" Mipira yako uitume mkononi kwake, kwenye kimo anachokipenda, kidogo tu kulia, ili asijue kwamba umempelekea. Sisi wenye kazi hii tunaita kulisha. Na mpira wake ukianguka nje kwa hatua nzima unasema nje, ili akuamini, na ukianguka nje kidogo, unatoa kiganja, "Ndani, mzee." Asubuhi na jioni, siku sita za wiki. Halafu mara mbili au tatu kwa mwaka ninaomba ruhusa, ninakwenda nchi ya jirani, na ninataka mkono uleule ufanye kinyume cha kila kitu ulichofundishwa.

Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Siku moja alikuwa anapepeta dagaa, nami ninanyoosha misuli uani nikijiandaa kwa safari. Akaniuliza, "Baba watoto, wewe mwaka mzima unafungwa. Huko unakokwenda, mkono utajuaje kwamba siku hiyo umepewa ruhusa ya kushinda?" Nilimwambia hajui michezo. Ni kweli, hajui michezo.

Safari ninayotaka kuisimulia ni ya Kigali. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, bega la kulia linauma nikiinua ndoo, na nilikuwa nimeshamwahidi mke wangu kwamba hii ni ya mwisho. Nauli alinipa Alhaji, akiwa na furaha, kwa kuwa aliamini kwa dhati kwamba mtu ambaye yeye humfunga mara kwa mara anahitaji mazoezi ya nje. Nilipita mpaka wa Rusumo mchana, nikafika, nikaingia kwenye mchujo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba nikacheza kama mtu asiye na deni na yeyote. Nilishinda mechi ya kwanza. Nikashinda ya pili. Ya tatu nilimfunga Mfaransa mmoja mrefu ambaye kocha wake alitupa kofia chini. Nikawa nimeingia droo kuu. Mechi moja tu ilikuwa inanitenganisha na orodha.

Nilimpigia baba. Akauliza, "Unacheza na nani?" Nikamwambia ubaoni wameandika mtu wa Kenya, simjui. Akasema, "Chokaa ipo." Akakata simu kwa kuwa hapendi kuzungumza kwenye simu.

Asubuhi ya mechi niliingia chumba cha kubadilishia nguo mapema. Palikuwa na mtu mmoja tu, ameketi benchi, anajifunga bandeji magoti yote mawili, taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Kichwa kizima mvi. Nilimdhania kocha, au mmoja wa wazee wa klabu. Mtu wa kwetu haingii chumba alimo mtu wa umri ule akanyamaza. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akainua uso, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, cha kubembeleza. Tukaongea. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Geita, akataka kujua kama ni kweli watu huokota dhahabu mvua ikinyesha. Nikamwambia wanaookota ni wachache, wanaofukiwa ni wengi. Aliona kidole changu kimechubuka, akanikatia kipande cha plasta yake, akanibandika mwenyewe, akipuliza. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Tulipoitwa kiwanjani, yeye ndiye aliyesimama.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilikuja kusikia kwamba zamani aliwahi kuwa mtu mkubwa katika mchezo huu, kwa kipimo chetu, na kwamba naye alikuwa anatafuta pointi moja ya mwisho ili amalize akiwa na namba. Siku ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba nimemwamkia, ameitikia, amenifunga kidonda, na sasa natakiwa nimkimbize mpaka magoti yake yaachie. Nilijisikia vibaya hata kupasha naye misuli. Mipira ya kupasha nilimpelekea mkononi, kwenye kimo chake.

Seti ya kwanza nilishinda, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa ya kijana na haikushauriana na kichwa. Seti ya pili alianza kunikatia mpira, mfupi, mrefu, mfupi tena, na kila alipopata pointi alisema kwa upole, "Pole, mwanangu." Akashinda. Seti ya tatu tulikwenda sambamba. Nilikuwa namwona akichechemea kila anapokwenda kubadilisha upande, na badala ya kuupiga mpira mbali na pale alipo, nikajikuta ninaupeleka alipo. Nilijitukana kwa sauti. Nikapiga paja langu kwa raketi. Nikaongoza gemu tano kwa nne, zamu yangu ya kuanzisha, arobaini kwa thelathini. Nikabakiza mpira mmoja.

Nilianzisha vizuri. Akarudisha. Tukapigiana labda mara kumi, kisha yeye, akiwa amevutwa nje kabisa ya kiwanja, akaubabatiza mpira mmoja mrefu, wa juu, wa mtu aliyekata tamaa. Niliuacha. Nilisimama kando ya mstari wa nyuma nikautazama ukishuka. Ulianguka nje. Kati ya mstari na pale ulipogusa pangeenea vidole viwili vyangu. Kiwanja kilikuwa cha saruji iliyopakwa rangi ya buluu, hakikubaki na alama yoyote, lakini mimi niliuona kama ninavyoiona karatasi hii.

Mwamuzi, juu ya kiti chake, akasema nje.

Imekwisha. Hapo ndipo nilipotakiwa kutembea kwenda kwenye wavu. Hatua kama kumi na mbili. Sikutakiwa kusema lolote, mwamuzi alikuwa ameshasema. Lakini yule mzee alikuwa amesimama kule, mkono kwenye goti, hajakasirika, hajabishana, ananitazama mimi wala si mwamuzi. Akasema, "Mwanangu, wewe umeuonaje?"

Na mkono wangu ukatoka. Kiganja kinatazama chini, kinatuliza maji. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ndani, mzee."

Mwamuzi akainama kwenye kiti chake, akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Nilipata nafasi mara mbili, sitamlaumu mtu. Nikasema tena. Akampa pointi, ikawa arobaini kwa arobaini, na baadhi ya watu waliokuwa kwenye viti wakanipigia makofi kwa uungwana wangu. Makofi hayo ninayasikia mpaka leo. Ningekuwa muungwana kama ningeuona ndani kweli. Mimi niliona sawasawa kabisa, nikadanganya, tena dhidi yangu mwenyewe.

Gemu ile nilipoteza. Na iliyofuata, na iliyofuata tena. Saba kwa tano.

Kwenye wavu aliushika mkono wangu akaubana. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema kwa sauti ya chini ili mwamuzi asisikie, "Ulikuwa nje, mwanangu. Niliuona." Nikamtazama. "Basi mbona uliniuliza?" Akasema, "Nilikuuliza tu. Ukishanipa, ningekataaje? Mimi nina miaka arobaini na mitatu." Hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana angekuwa mtu mbaya.

Geita nilifika adhuhuri. Mke wangu alikuwa sokoni kwenye meza yake, nikamkuta anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, begi begani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa umeshinda," akasema. Nikasema ndiyo. "Wakakuambia umeshinda." Ndiyo. "Ukakataa." Nikashusha begi. Mteja akaja akapima dagaa kwa kopo, akaondoka. Mke wangu hakunigombeza. Alinisogezea stuli nikae, akanifunika kichwa kwa kanga yake kwa kuwa jua lilikuwa kali, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alinitazama kama mgonjwa.

Kwa baba nilichelewa wiki tatu. Simu zake sikupokea. Hatimaye nikaenda Shinyanga, nikamkuta kiwanjani. Klabu siku hizi hukodisha viwanja kwa sherehe za kumuaga bibi harusi, wanachimbia nguzo za mahema katikati ya udongo wake, na yeye kila Jumatatu anaziba mashimo. Alikuwa amepiga magoti anashindilia shimo kwa kitako cha chupa. Nyuma yake mlango wa stoo, na lile doa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane." Aliniita mwanangu kwa Kisukuma bila kugeuka. "Umefungwa."

"Nimefungwa."

"Siyo aibu kufungwa. Mbona hupokei simu?"

Nikamweleza. Nilifikiri nitampunguzia, niruke ile sehemu ya kiganja, kama nilivyoruka habari za tumbo miaka ile. Nilishindwa. Nilimwambia hata la tumbo. Kisha nikasema jambo nililokuwa nimelibeba kutoka Kigali, na nilisema kwa hasira, sikuijua hiyo hasira ilikuwa imekaa wapi. Nikasema, "Nilifanya ulivyonifundisha. Mpira wa mashaka ni wa mkubwa. Uliniambia wewe, hapahapa, ukanipiga kofi."

Baba akaacha kushindilia. Alikaa udongoni, miguu mbele, kama mtoto.

"Lile kofi," akasema. "Unalikumbuka?"

"Ninalikumbuka."

"Yule wa pamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Wiki ile walikuwa na kikao kama waniache au wanitoe, walishapata mtu wa kumpa nyumba ile. Mama yako alikuwa mja mzito." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Sikukupiga kukufundisha heshima, ng'wanawane. Nilikupiga kwa ajili ya nyumba. Hiyo kanuni niliitunga palepale, nikiwa natembea kutoka kwenye bomba."

Nilibaki nimesimama. Miaka ishirini na moja nilikuwa nimeibeba kama dini.

"Nilidhani utakua uijue mwenyewe," akasema. "Kwamba ni ya hapa. Ya hawa wasiojua kucheza."

Nilitamani anipige tena, ingekuwa rahisi. Alichezea chupa yake, kisha akauliza, kama fundi anayeuliza kipimo, "Ulikuwa nje kwa kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Akainuka kwa shida. Akatembea mpaka mstari wa nyuma, upande uleule wa siku ile, akapiga goti moja, kisha la pili. Akaweka vidole viwili kwenye udongo, vikigusana na chokaa, akavikandamiza, na nje yake akachora duara dogo kwa kidole gumba, lenye mkia, kama alama ya mpira. Akaondoa mkono. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, ikabidi ainame mpaka pua ikaribie ardhi.

"Unaonekana kabisa," akasema. "Hata mimi na macho haya ninauona."

Alibaki pale ameinama, na nikaona mabega yake yanatikisika. Sikujua nifanye nini. Nilikwenda nikachukua gunia, nikalilowesha kwenye bomba, nikarudi nikasimama karibu naye nalo linachuruzika miguuni pangu, nikisubiri aniruhusu kufuta. Hakuniruhusu. Jua lilipokaribia kuzama duara lilikuwa bado pale, na wanaokuja kucheza jioni walipofika baba aliwaambia kiwanja leo kimefungwa.